Ndiyo Niliyoitoa Mara Mbili

Mpendwa Mama Yusta,

Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani, wewe uliyekuwa hupendi mambo ya nyumbani yatoke nje ya mlango. Shuleni misheni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa, kisha mwandishi aeleze hali yake. Hali yako naijua. Juzi nimefyeka majani juu yake. Hali yangu ndiyo iliyoniketisha mezani. Naandika mbele ya watu kwa sababu ninalotaka kukuungamia lilimwangukia mtu asiye na hatia mbele ya watu, nami sioni haki kulisafisha faraghani.

Niruhusu nianze na lile ulilopenda kuwasimulia wageni, hata nilipokuwa nakuomba kwa macho unyamaze.

Nilikuwa karani kijana wa mahakama ya mwanzo kule Ngara, nimevaa suruali iliyopigwa pasi ya mkaa, nawe ulikuwa binti wa Kirundi uliyevuka mto Ruvubu ukiwa mtoto, umeshikwa mkono na kaka yako Melkiori. Baada ya ibada nilikusogelea barazani pa kanisa. Nikakuuliza kwa adabu yote niliyofundishwa, "Dada, bado hujachumbiwa?" Ukaangalia chini ukajibu, "Ndiyo."

Nikakushukuru. Nikakutakia ndoa yenye heri. Nikavaa kofia yangu nikaenda.

Miezi miwili nilipita njia ya juu ili nisikutane nawe. Hatimaye Melkiori akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. "Karani, dada yangu amekukosea nini?" Nikamwambia hujanikosea lolote, nami namheshimu mchumba wako. "Mchumba gani?" Nikasema wewe mwenyewe ulikiri, nilikuuliza kama bado hujachumbiwa, ukasema ndiyo. Melkiori alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la mashahidi. "Mtu akiulizwa kama hajachumbiwa akasema ndiyo, si amesema ni kweli, hajachumbiwa? Karani, wewe umesomea wapi?"

Nilisomea misheni, ndilo lilikuwa tatizo. Mwalimu wetu Mwingereza aliwahi kuniuliza kwa lugha yake kama sikuwa nimefagia darasa. Nikaitikia ndiyo, maana ilikuwa kweli kwamba sikufagia. Akaenda kuangalia, akarudi na rula. Alinichapa viganja kwa uongo, kisha akanifundisha: ndiyo ni kwa lililofanyika, hapana ni kwa lisilofanyika, swali liulizwe vyovyote vile. Nikaishika ndiyo ile kama Amri ya Kumi na Moja, nikaja nayo hata katika Kiswahili, ambamo haina kwao. Ndiyo sababu mahakamani niliwaomba mashahidi wasijibu ndiyo wala hapana, bali waseme sentensi nzima. Watu waliniona karani makini. Wewe peke yako ulijua kwamba nilikuwa najilinda.

Tangu tulipooana ulinitania kwa swali lile moja. Nikuulize kama chai bado, niitikie jambo lolote, wewe hukosi: "Ndiyo ipi hiyo, Baba Yusta? Ya kwetu au ya misheni?" Tulihamia Biharamulo, nikafanya kazi hatua chache kutoka boma la Wajerumani, nikastaafu, tukajenga Nyarubungo, nawe bado unauliza. Nilidhani ni utani. Sasa naona lilikuwa onyo.

Unakumbuka mjukuu wetu Priska alipoanza kuvimba macho asubuhi. Tulidhani ni nyuki, kisha minyoo, kisha jicho la mtu. Hospitali wakasema figo zake zote mbili zimechoka, na kwamba mtoto wa umri ule hawezi kukua kwa mashine ya kusafisha damu. Apandikizwe figo ya ndugu. Damu ya Yusta haikulingana na ya bintiye. Baba wa mtoto alikuwa ameenda migodini akanyamaza. Figo yangu walisema imezeeka pamoja nami. Ukasimama mbele ya daktari, ukaweka kanga vizuri mabegani, ukasema, "Mimi nilivuka mto nikiwa sina kitu mkononi ila mkono wa kaka yangu. Leo nimesikia nina vitu viwili. Kimoja mpeni mtoto."

Mlikwenda India, wewe na Yusta na mtoto, kwa msaada wa watu wa kanisa, nami nikabaki na mbuzi na maombi. Mliporudi, Priska alikuwa na mashavu makubwa ya zile dawa, na watoto wa jirani wakamwita Andazi. Hakujali. Figo ile alikuwa ameipa jina lako. Akitoka msalani alitangaza ua mzima usikie, "Babu, Bibi amefanya kazi!" Nawe ulikuwa ukiitikia kutoka jikoni, "Amepata mshahara?" Kisha mnapima mkojo katika jagi la plastiki lenye mistari, mnaandika, mnacheka.

Dawa ulizisimamia mwenyewe. Saa moja asubuhi, saa moja jioni, redio ikitaja saa mtoto awe na maji mkononi. Uliniambia kwamba mwili ni kama kijiji chenye wivu. Ukimwona mgeni ndani humfukuza, na dawa zile ndizo zinazouambia utulie. Zikipungua, mwili utaikataa figo. Zikizidi, kila homa ya njiani itaingia bila kubisha. Ndiyo maana mlikwenda kliniki, ng'ambo ya kivuko, kupima ni kiasi gani cha dawa kimo ndani ya damu. Ulikwenda wewe kila mara. Mimi nilibeba mkoba mpaka stendi.

Kisha ikaja ile homa ya mapafu. Siku nne tu. Daktari alinihakikishia kwamba figo uliyoitoa haikuhusika, na namwamini, ingawa wapo waliosema vingine msibani. Ulikuwa unapumua kwa shida, ukanishika mkono ukaniachia mambo mawili. La kwanza, "Ndugu zangu wakivuka tena, uwapokee." Maana miaka ile Burundi ilikuwa imeanza kuchafuka upya. La pili, "Saa moja na saa moja. Hata Bwana Yesu akirudi, asubiri kwanza Priska ameze."

Nikakuahidi. La tatu hukunipa, na sikulaumu. Pumzi zilikuwa za kuhesabu. La tatu lilikuwa hili: siku ya kupima, damu kwanza, dawa baadaye. Ukitoa damu mtoto akiwa ametoka kumeza, kipimo kitaonyesha dawa ni nyingi mno, kumbe ni ile iliyoingia sasa hivi. Kwako lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni. Mimi sikulijua.

Wiki ya mazishi, watu wakiwa bado wamejaa uani, Priska alitoka msalani akasimama mbele yangu. Hakutangaza. Alininong'oneza, "Babu, Bibi bado anafanya kazi." Niliingia chumbani nikafunga mlango. Ulikuwa umezikwa, na ulikuwa hai, ndani ya mtoto mwenye mashavu ya andazi, na umekabidhiwa kwangu.

Kliniki iliyofuata nilimpeleka mimi. Tulilala ng'ambo kwa mwenyeji wetu, na saa moja kamili asubuhi, tukiwa kwenye benchi la hospitali, nilimpa dawa zake na maji ya chupa. Priska alinitazama. "Babu, Bibi huwa..." akaanza. Nikamwambia ameze kwanza, mazungumzo baadaye. Mama Yusta, mtoto alijaribu kuniambia. Nilimnyamazisha kwa jina la ahadi yangu kwako.

Akaja muuguzi, binti mwenye haraka na heshima. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Akaangalia jalada akauliza, "Bado hajameza dawa za asubuhi?"

Nilisikia lawama. Nilidhani anasema: huyu mzee wa shamba, amefiwa, amepitiwa na saa. Nikakaa wima, nikamjibu kwa fahari, "Ndiyo, Sista."

Nilimaanisha amemeza. Yeye alisikia, kama Mswahili yeyote angesikia, kwamba ni kweli hajameza. "Vizuri sana, mzee wangu," akasema, akamtoa damu. Mimi nikajiona nimesifiwa.

Siku chache baadaye walinipigia simu: dawa imekutwa juu mno katika damu, nayo ikizidi huiumiza figo yenyewe, kwa hiyo apunguziwe mpaka kliniki ijayo. Nilifurahi. Nilidhani dawa kupungua ni dalili ya kupona. Jumapili ile nilitoa shukrani kanisani, nikataja jina lako.

Wiki ya tatu habari ikafika kwamba Melkiori amevuka. Alikuwa amerudi kwao vita vya kwanza vilipoisha, akajenga, akapanda kahawa, na sasa alikuwa tena Ngara, kwenye kituo cha mpito cha wakimbizi, na kitambulisho cha karatasi. Nikamwachia Yusta mtoto, nikaenda kutimiza ahadi yangu ya kwanza kwako. Siku tisa nilimtafuta kati ya watu waliokaa juu ya mabunda yao. Nilipompata alisema, "Shemeji, mto ule umenizoea. Safari hii hata haukunilowesha magoti." Halafu akachungulia nyuma yangu. "Dada yangu umemwacha wapi?" Nilimweleza pale pale, tumesimama kwenye foleni ya uji. Hakutoka kwenye foleni. Alilia akisogea.

Niliporudi, Priska alikuwa ameketi kizingitini, miguu imejaa hata ndara hazimwingii. Yusta alidhani ni unene wa dawa. Uso ule ulikuwa umetuzoesha uvimbe. Mtoto aliniamkia, kisha akasema polepole, kama anayemsemea mgonjwa mwingine, "Babu, leo Bibi hataki."

Walichukua kinyofu cha figo kwa sindano wakakiangalia. Mwili ulikuwa umeanza kuikataa. Wakamtundikia dripu ya dawa kali siku tatu mfululizo, na dawa zake zikarudishwa juu. Siku ya nne mkojo ulifika mstari wa pili wa jagi na wauguzi wakapiga makofi. Lakini dawa kali zile zililegeza ulinzi wa mwili wote, na homa ikaingia kifuani. Madaktari wakawa kati ya mawili: wakaze dawa wailinde figo, homa imchukue mtoto, au walegeze wamwokoe mtoto, figo iende. Yusta aliwaambia, "Nipeni mtoto." Nilijua lipi ni sahihi, na bado nilikuwa nakusikia wewe ukiondoka kwa mara ya pili.

Ila kabla ya siku hiyo kuna siku nyingine, nayo ndiyo hii inayonifanya niandike.

Daktari alituita chumbani kwake: mimi, Yusta, na Priska kwenye kiti cha magurudumu. Alisema jambo moja linamtatiza. Kipimo cha kwanza kilionyesha dawa nyingi mno, na cha sasa kilionyesha kidogo kuliko hata dozi ile iliyopunguzwa ingeeleza. Akafafanua kwa upole kwamba huwa ni moja kati ya mawili. Ama siku ile ya kwanza mtoto alikuwa amemeza kabla ya kutolewa damu, kipimo kikadanganya. Ama amekuwa akizitema dawa kwa siri, kama wafanyavyo watoto wakichoka. Nilipokuwa namsikiliza, nilihisi benchi lile la hospitali chini yangu, na chupa ya maji mkononi. Nikaelewa yote.

Akanigeukia. "Mzee wangu, nisaidie. Siku ile alikuwa bado hajameza, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Daktari."

Mke wangu, mara ya kwanza nilikosea. Mara hii nilijificha. Kwa ndiyo ya misheni nilikuwa nimesema kweli: amemeza. Kwa ndiyo ya nchi hii nilikuwa nimesema uongo, nami nilijua fika daktari ataipokea ipi. Miaka thelathini niliwaomba mashahidi waseme sentensi nzima. Siku nilipokuwa shahidi mimi, neno moja lilinitosha.

Yusta akamgeukia bintiye. "Ulikuwa unazitema wapi? Chini ya godoro? Chooni? Figo ya mama yangu, Priska!"

"Mama, nilimeza. Zote. Muulize Babu."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshika kofia yangu magotini. Nikaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, nikasema, "Watoto ni watoto."

Hakikuhitajika kingine. Toka siku ile Priska hakuiita tena figo Bibi. Hata ilipokufa, akaanza kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, hakuuliza Bibi yuko wapi. Majirani walisikia kwamba ni mtoto mwenyewe aliyezitema dawa, wakamsikitikia Yusta. Miaka ya baadaye daktari mwingine aliniambia kwamba hata ukweli ungesemwa siku ile, matibabu yangekuwa yale yale. Aliona ananifariji. Mimi nilisikia kwamba ukweli ungeokoa kitu kimoja tu, jina la mtoto, na hicho kimoja ndicho nilichokinyima.

Unaweza kuniuliza kwa nini nimekawia hivi. Nilijiambia kesho, na kesho. Kila asubuhi saa moja redio inapotaja saa, mkono wangu hutafuta chupa ya dawa mezani, na haipo. Nimeizima redio, nikakuta saa imo ndani yangu. Mwaka jana Priska alikuja likizo fupi. Nilimkuta nyuma ya kanisa, mchana kweupe, amepiga magoti kaburini kwako. Hakuniona. Alikuwa anasema, "Bibi, nisamehe, sikukutunza." Alisema vile mtu asemavyo jambo alilolisema mara nyingi. Alikuwa ameanza kuamini, Mama Yusta. Mtoto aliyemeza kila kidonge alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe.

Niliondoka kwa kunyata kama mwizi. Wiki zilizofuata nilikuona kila mahali, lakini hukunikasirikia. Ulikuwa mlangoni na kanga yako, unauliza swali lako lile lile.

Mwezi uliopita nilipanda basi. Siku hizi wanaishi ng'ambo ya kivuko, karibu na mashine. Nilimkuta kitandani, mirija miwili mkononi, kitabu cha baiolojia kifuani. Yuko kidato cha nne. Amekuwa mrefu kuliko walivyotabiri.

"Shikamoo, Babu. Umekuja na kofia ya mahakamani. Nani anashtakiwa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi."

Akacheka. Nikamweleza. Benchi, chupa ya maji, swali la muuguzi, swali la daktari. Sikuruka chochote. Alikuwa anaitazama damu yake inavyozunguka. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo ulijua nilimeza."

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Nilijua siku ile ile, na kila siku baada yake."

Akafunga macho. Ndipo nilipogundua kwamba hata katika kuungama nimemkosea: nilikuwa nimemwambia mahali ambapo hawezi kuinuka akaondoka. Mashine ilikuwa na saa mbili zimebaki. Nikamwomba radhi kwa hilo pia, nikataka kutoka.

"Kaa," akasema. Akanipa simu yake. "Mpigie mama. Mwambie sikutema."

Yusta alikuwa sokoni, nilisikia kelele. "Baba? Sema tena, sisikii." Nikasema sentensi nzima, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Priska alimeza dawa zake zote. Mimi ndiye niliyekosea, na mimi ndiye niliyedanganya." Upande wa pili soko likaendelea, watu wanauza nyanya. Kisha simu ikakatika. Hajanipigia mpaka leo, nami naona ni haki yake.

Tulikaa. Muuguzi alipokuja kuchomoa sindano, nilikuwa nimeshasimama, kofia mkononi. Sijui kwa nini, kati ya maswali yote, ulimi wangu ulilichagua lile la namna ile. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, bado hujanisamehe?"

Unajua kwamba yeye ndiye mtu uliyemsimulia kisa chetu cha baraza la kanisa kuliko wote. Alikuwa amebana pamba mkononi. Akaninyanyulia macho, nayo, sikuwahi kuliona hilo, ni macho yako.

"Ndiyo, Babu," akasema.

Ungekuwepo ungemuuliza ndiyo ipi. Mimi sikuthubutu. Nilivaa kofia yangu nikaenda, kama siku ile Ngara, ila safari hii hakuna Melkiori wa kuingia ofisini acheke. Nitarudi mwezi ujao nikae kando ya ile mashine, na ujao mwingine, wala sitauliza tena. Ikiwa yupo wa kuifafanua ndiyo ile, ni yeye, kwa wakati wake.

Nawe nakuomba radhi kwa kitu chako ulichonipa nikitunze, na zaidi kwa mtoto. Pumzika, Mama Yusta. Majani nimeyafyeka. Yakiota tena nitakuja.

Ni mimi mumeo,
Baba Yusta
Nyarubungo